Gari la paa la kukunja: anza na maji, injini baadaye

Ndugu Mhariri,

Hapa Nairobi mtu anaweza kupata gari la paa la kukunja lililotumika kwa bei ya saluni ya kawaida, yaani gari dogo la paa lisilokunjika, na vijana wengi wanayachangamkia. Wengi hufungua bonneti, wakasikiliza injini, wakaridhika, wakalipa. Lakini injini hutengenezeka. Kinachofilisi mwenye gari hili ni paa, pamoja na maji yanayopenya kupitia paa hilo.

Bei iko chini kwa sababu ya umri. Kanuni haziruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo haya ya bei nafuu yaliingia zamani, na mengi yana miaka 15 au zaidi. Namba ya gari isikudanganye: herufi zake huonyesha lilisajiliwa lini Kenya. Mwaka lilipoundwa usome kwenye logibuku.

Mengi ya magari haya yana mfereji chini ya ukingo wa paa, nyuma ya viti. Maji ya mvua huingia humo, hushuka kwa mipira miwili ya kupitishia maji, mmoja kila upande, na kumwagika chini karibu na magurudumu ya nyuma. Maua ya mjakaranda huanguka Nairobi kuanzia Septemba hadi Novemba, vuli ikibisha hodi, na gari lililoegeshwa chini ya mti huo huzibwa mipira yote miwili. Basi nenda na ndoo ya lita 20 na kopo. Paa likiwa limefungwa, mwaga polepole pale kitambaa kinapokutana na bodi, na mwenzako achungulie chini kando ya gurudumu. Maji yasipotokea huko, yamebaki ndani. Inua zulia nyuma ya viti na ubonyeze sponji yake kwa kidole. Ikitoa maji, au boliti za mkanda wa usalama zikiwa na kutu, gari hilo limeloa kwa muda mrefu. Kuzibua ni kazi rahisi: tumia uzi mnene wa plastiki, kama ule wa mashine ya kukatia nyasi. Waya wa chuma hutoboa mpira.

Maji yaliyokwama huozesha vizingiti vya chini ya milango kutoka ndani, na hapo ndipo pa hatari. Saluni ina paa linaloshikanisha mbele na nyuma. Gari hili halina, kwa hiyo sakafu na vizingiti hubeba kila kitu. Pitisha sumaku juu yake. Isiponata, hapo pamejazwa fila, yaani lipu ya kuficha matundu ya bodi, na kupakwa rangi. Kisha inua upande mmoja kwa jaki, mahali panaporuhusiwa, ufungue mlango na kuufunga. Ukikwama, ondoka, hata bei ipunguzwe nusu. Yaliyotoka Uingereza yachunguzwe maradufu, kwa kuwa barabara za huko hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi.

Paa la umeme lifunguliwe na kufungwa mara tatu mfululizo, injini ikinguruma, bila muuzaji kulisaidia kwa mkono. Mara ya kwanza hata pampu iliyochoka hujitahidi. Udhaifu huonekana ya pili na ya tatu, ikishapata moto. Kwa Mercedes SLK ya kwanza, mzunguko mmoja huchukua sekunde 25 hivi. Tafuta madoa ya mafuta ya haidroliki kwenye buti, na juu ya kioo cha mbele kama paa hufungiwa hapo kwa haidroliki. Likigoma kabisa, angalia kwanza pazia la kugawa buti, kwa sababu lisipofungwa vizuri paa halisogei. Kuna mafundi wanaounganisha waya ili kuikwepa swichi ya pazia hilo, na siku moja paa hushukia mizigo.

Kwa mfuko mdogo, mimi ningeshauri paa la kitambaa linalokunjwa kwa mkono. Mazda MX-5, ambayo ikitoka Japani huitwa Roadster, ndiyo chaguo la kwanza. Ya kabla ya 1998 ina dirisha la nyuma la plastiki, ambalo lazima lifunguliwe zipu kabla ya kukunja, la sivyo hupasuka. Iliyofuata ina kioo. Toyota MR-S nayo ina faida kubwa kwetu: injini yake ya 1ZZ-FE ndiyo iliyomo kwenye Wish na Premio nyingi za 1800, kwa hiyo vipuri vyake Kirinyaga Road si vya kutafuta kwa tochi. Ila zile za kabla ya 2002 zina sifa ya kula oili. Pima kijiti na uangalie moshi.

Ukiwa na shilingi 800,000, tafuta gari la 600,000. Salio ni la kitambaa, raba za kuzuia maji, matairi na bima. Kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari kuukuu. Kabla ya kulipa, tafuta rekodi yake NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uhakikishe hakuna benki inayolidai.

Nawaomba wenye yadi za Ngong Road na Kiambu Road wawaruhusu wanunuzi wamwage maji hayo na kuinua zulia, na waeleze kwenye tangazo kama paa limewahi kubadilishwa na mwaka gani.

Fundi wa magari,
Nairobi