Tunapotembelea bustani za majumba ya Uingereza, tutazame na kilichofichwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hunikera kidogo kila majira ya joto yanapofika Uingereza, nalo ni namna sisi wasomaji na waandishi wa Kiswahili tunavyosimulia ziara zetu katika bustani za majumba ya kale ya nchi hiyo. Simulizi zetu nyingi huishia kwenye maua, nyasi zilizokatwa vizuri na picha ya familia iliyosimama mbele ya ngazi za mawe, kisha mwandishi husifu uzuri wa asili wa mahali hapo na kuweka kalamu chini. Katika bustani hizo cha asili ni kidogo mno. Karibu kila kinachopendeza macho kilichimbwa, kikajengwa, kikahamishwa au kikaletwa kutoka mbali, kisha kazi yote hiyo ikafichwa kwa makusudi ili mgeni asiione. Anayerudi nyumbani bila kuiona ameona nusu ya bustani, na kwa maoni yangu ni ile nusu isiyo na utamu.

Nitatoa mfano wa Chatsworth, jumba la ukoo wa Cavendish lililoko Derbyshire kando ya Mto Derwent, ambako nilikwenda mwezi Julai kwa basi linalotoka Sheffield. Ardhi hiyo ilinunuliwa mwaka 1549 kwa pauni 600 na Sir William Cavendish pamoja na mkewe Bess. Bwana huyo alikuwa mmoja wa maofisa waliosimamia kufungwa kwa nyumba za watawa na kutwaliwa kwa mali zao zama za Mfalme Henry VIII, na kazi hiyo haikumwacha maskini. Mwaka 1694 ukoo ulipata cheo cha Duke wa Devonshire, yaani daraja la juu kabisa la mabwana wa Kiingereza chini ya familia ya kifalme, na hadi leo unaishi hapohapo.

Basi linapoteremka kutoka nyika za juu, mgeni hukaribishwa na kondoo, miti mikubwa iliyotawanyika na mto unaokwenda taratibu, na hapo ndipo mtu hudanganyika kwa mara ya kwanza. Mandhari hiyo ilipangwa katikati ya karne ya 18 na Lancelot Brown, yule fundi wa mandhari aliyezaliwa mwaka 1716 na kufanya kazi katika bustani zaidi ya 170 za Uingereza, ambaye hakuona taabu kupanua mto au kupanda msitu mzima ili dirisha la tajiri lipate cha kutazama. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1830, Duke wa sita alikamilisha kazi ya kukiondoa kijiji cha Edensor machoni pake: nyumba zilizokuwa zikionekana kutoka kwenye jumba zilibomolewa, na kijiji kikajengwa upya nyuma ya kilima. Nyumba mpya zilikuwa nzuri na bado zinakaliwa, hilo sibishi, lakini pale kondoo wanapokula majani leo palikuwa na milango ya watu.

Aliyesimamia mengi ya karne ya 19 alikuwa Joseph Paxton, mtoto wa mkulima, aliyeteuliwa kuwa mkuu wa watunza bustani mwaka 1826 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwenyewe alisimulia kwamba alifika alfajiri ya saa kumi na nusu, akakuta lango limefungwa, akaruka ukuta, akaikagua bustani nzima, akawapangia wafanyakazi kazi saa kumi na mbili, kisha akaenda kupata kifungua kinywa na msimamizi wa nyumba, ambako alimpenda mpwa wa mama huyo, Sarah Bown, aliyekuja kuwa mke wake. Na yote hayo yalimalizika kabla ya saa tatu asubuhi. Huenda aliongeza chumvi kidogo. Ila ukizitazama kazi alizoziacha utaamini kwamba hakuwa mtu wa kulala.

Chukua chemchemi ndefu iliyo katika bwawa la upande wa kusini wa jumba. Wageni huona maji yakiruka kupita paa, hupiga picha na kusonga mbele, ilhali habari yenyewe iko juu ya kilima, nyuma ya msitu, ambako wachache hujisumbua kupanda. Duke wa sita alisikia kwamba mfalme wa Urusi, Nicholas I, angefika Uingereza mwaka 1844, akataka kumwonyesha chemchemi ambayo mgeni huyo hakuwa nayo kwake. Paxton akachimbisha ziwa la ekari 8 kwenye nyika ya juu, vibarua wakifanya kazi hadi usiku kwa mwanga wa moto, na kazi ikakamilika katika muda wa miezi 6. Maji hushuka ndani ya bomba kwa nguvu ya mteremko tu, bila pampu yoyote, na yalipofunguliwa yaliruka hadi futi 296, yaani mita 90. Mfalme alifika Uingereza kweli, lakini Chatsworth hakukanyaga. Nilipanda hadi ziwani kwa njia ya miguu inayopita msituni, nikakuta maji ya kahawia yenye rangi ya chai ya rangi, kwa sababu ya udongo wa nyika hizo, yakiwa yametulia kabisa. Mteremko huohuo ulianza kutumika mwaka 1893 kuendesha mitambo iliyolipatia jumba umeme, jambo ambalo kwangu ni la kusifiwa kuliko ule urefu wa futi 296.

Kilichofichwa kuliko vyote ni moto. Kati ya mwaka 1836 na 1840 Paxton alijenga jumba kubwa la vioo la kukuzia mimea ya nchi za joto, kubwa kiasi kwamba Malkia Victoria alipotembelea mwaka 1843 alipitishwa ndani yake akiwa kwenye gari la farasi, taa zikiwa zimewashwa kila upande. Mitende haiishi Derbyshire wakati wa baridi bila kupashwa moto, kwa hiyo chini ya sakafu kulikuwa na boila 8 na mabomba ya maji ya moto yaliyofikia urefu wa maili 7. Makaa ya mawe yaliingizwa kwa reli ndogo iliyopita chini ya ardhi, na moshi ukaongozwa kwa mfereji wa chini hadi kwenye dohani iliyosimama mbali, msituni, ili wageni waliokuwa wakitembea kati ya mitende wasione kibarua mwenye masizi wala kunusa moshi wake. Nimefikiria sana juu ya hiyo reli. Haikuwa na haja ya kupita chini. Makaa yangefika vilevile kwa mkokoteni. Gharama ya kuchimba ilikuwa gharama ya kutomwona mtu.

Na jumba hilo la vioo liko wapi? Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua wanaume na makaa, mimea ikafa kwa baridi, na mwaka 1920 jumba lililipuliwa kwa baruti, nalo halikukubali kuanguka kwa mlipuko mmoja. Mahali pake pana mzingile wa ua wa miti uliopandwa mwaka 1962, na kuta fupi za msingi wa zamani bado zinauzunguka. Nilikaa juu ya ukuta mmojawapo nikitazama watoto wakipotezana na kuitana ndani ya mzingile. Mawe hayo ni mapana na imara kuliko inavyohitajika kuzungushia ua, na huo ndio ushahidi pekee ambao macho ya mpita njia yanaweza kuupata kwamba hapo palikuwa na kitu kizito.

Sasa nifike kwenye ndizi, ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Katika jumba la vioo la sasa kuna mgomba, na wageni waliokuwa mbele yangu waliupita haraka kwenda kwenye maua. Mimi nilisimama. Ulikuwa mfupi, shina nene lenye madoa meusi, majani yake mapana yamechanika kandokando kama kawaida ya mgomba, na chini ya mkungu mchanga ua la zambarau lilikuwa likikunjua ganda moja baada ya jingine. Mgomba wa aina hiyo asili yake ni kusini mwa China. Ulipita Mauritius, ukafika Uingereza mnamo mwaka 1829, na Paxton akaupata kwa ajili ya Chatsworth. Ulitoa ua mwezi Novemba 1835, na mwaka uliofuata matunda yake yalimpatia nishani katika maonyesho ya chama cha bustani jijini London. Ukapewa jina la ukoo wa mwajiri wa Paxton: Cavendish. Mmisionari John Williams akachukua miche kutoka hapo kuipeleka visiwa vya Samoa, na kutoka Samoa ikasambaa katika visiwa vingine vya Bahari ya Pasifiki. Ugonjwa wa Panama, ule wa kuvu unaonyausha migomba kuanzia mizizini, ulipoiangamiza Gros Michel, aina ya ndizi iliyotangulia katika mashamba ya biashara, katikati ya karne ya 20, Cavendish ndiyo iliyoshika nafasi, na leo aina za jamii hiyo ni karibu nusu ya ndizi zote zinazolimwa duniani na karibu zote zinazosafirishwa kuuzwa nchi za nje. Kwa kuwa mgomba huo hauna mbegu, huzalishwa kwa machipukizi, na ndiyo maana mashamba makubwa ya leo yanatishwa kwa pamoja na aina mpya ya ugonjwa uleule.

Jambo hilo, Ndugu Mhariri, halimo katika simulizi hata moja ya safari niliyowahi kuisoma katika lugha yetu, ingawa sisi ndio tungekuwa wa kwanza kuutambua mgomba. Tunasimama mbele ya waridi, tunauacha mmea ulioigusa meza ya watu wengi duniani kuliko mwingine wowote uliowahi kupita katika bustani hiyo. Wala mimea haikufika kwa upole wakati wote. Vijana wawili watunza bustani waliotumwa na Chatsworth kwenda Amerika Kaskazini kutafuta mimea mipya walizama katika Mto Columbia mwaka 1838, wakiwa safarini, kwa ajili ya mbegu.

Najua kuna wasomaji watakaoniambia kwamba niliyoyataja ni madogo, na kwamba swali la kwanza kwa jumba lolote la Kiingereza ni fedha zilitoka wapi. Wana haki ya kuuliza. Harewood, jumba la Yorkshire lililoanza kujengwa mwaka 1759 na ambalo bustani yake pia ilipangwa na Brown, lilijengwa kwa utajiri ambao ukoo wa Lascelles uliupata katika biashara ya sukari na ya watumwa huko West Indies, yaani visiwa vya Karibiani, na leo wenye jumba wanalisema hilo waziwazi kwa wageni. Mwaka 2020 shirika la National Trust, ambalo lilianzishwa mwaka 1895 na sasa linatunza mamia ya majumba na bustani, lilitoa ripoti iliyotaja sehemu 93 zilizo chini yake zenye uhusiano na ukoloni au utumwa, zikiwemo zile ambazo wamiliki wake walipokea fidia baada ya sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa, fidia iliyogharimu pauni milioni 20 na ambayo waliokuwa watumwa hawakupata hata senti. Baadhi ya wanachama na wabunge walikasirika, wakidai kwamba watu huenda bustanini kupumzika.

Sikubaliani nao, na sikubaliani pia na wenzetu wanaosema kwamba kwa sababu hiyo tusikanyage huko. Bustani hizi haziwi safi kwa sisi kukaa mbali nazo, na wala kupumzika hakumzuii mtu kuuliza. Mimi nilipumzika vizuri sana: nilikula chakula changu chini ya mti, nikanyeshewa mvua ndogo, jua likatoka tena, na bado saa tatu usiku mwanga ulikuwa haujaisha. Kujua kwamba reli ya makaa ilipita chini ya miguu yangu hakukuninyima chochote.

Ombi langu kwa gazeti lako ni kwamba makala za safari zinazochapishwa ziulize walau mambo mawili: maji yanatoka wapi, na kila mmea uliletwa na nani. Waongozaji wa wageni hujibu kwa furaha, kwani wengi wao ni watu wa kujitolea wanaopenda kuulizwa. Na kwa msomaji anayepanga kwenda Chatsworth msimu ujao, ninaongeza mambo machache ya manufaa. Kiingilio cha jumba na bustani kwa pamoja si cha bei ndogo, lakini unaweza kukata tiketi ya bustani peke yake, na malisho yaliyo nje pamoja na njia za msituni za kupanda ziwani hayana malipo kwa mtembea kwa miguu. Vaa viatu vya kuhimili matope hata kama ni Julai. Kuhusu mgomba, uliza mlangoni kama jumba la vioo limefunguliwa siku hiyo kabla hujalipa, kisha ulitangulize hilo kabla ya chemchemi, maana mchana likijaa watu huwa hapasimamiki kwa joto.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Sheffield, Uingereza