Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: misuli ya shingo ipimwe kabla ya theta (chumba cha upasuaji)

Ndugu wanachama, madaktari, wauguzi, mafizio na watu wa radiolojia, poleni na kazi. Mambo ya ada mhazini atayasoma, mi nakaa kwenye kitu kilichokula muda wetu mwingi mwaka huu, yaani utrasaundi ya misuli ya shingo kwa wagonjwa wa upasuaji wa uti wa mgongo.

Kama mnavojua, mgonjwa ambaye pingili za shingo zinabana ugwe wa mgongo tunamwangalia kwa MRI, tunasoma mfupa na diski, basi anaenda theta. Misuli je? Na akipasuliwa kwa nyuma ndo hiyo inayobanduliwa kwenye mfupa, hasa semispinalisi, msuli wa nyuma ya shingo uliojishika pingili ya 2, ukiachia pale shingo inaweza kuinamia mbele taratibu na maumivu yakabaki hata kama ugwe umeshafunguliwa vizuri kabisa. Ndo maana kwenye laminoplasti, upasuaji ulioanzia Japani wa kufungua matao ya nyuma ya pingili ili ugwe upate nafasi, wapasuaji wengi sasa wanajitahidi wasiuguse msuli huo.

Kwenye mafunzo ya vitendo tuligundua shida kubwa ni mkono. Ukikandamiza probu, kile kichwa cha mashine kinachowekwa kwenye ngozi, misuli inabonyea, kipimo kinashuka, mgonjwa anaandikwa misuli imesinyaa kumbe mkono wako tu. Mwaga jeli ya kutosha, probu ikae juu ya jeli, ngozi isibonyee. Anzia kwenye mfupa wa kwanza unaoupapasa chini ya kisogo, huo ndo wa pingili ya 2, hesabu kushuka. Akae au alale kifudifudi, ila mkao wa leo ndo uwe wa siku zote, maana kichwa kikigeuka kidogo umbo la misuli linabadilika. Na gaini ya mashine, yaani kiwango cha mng'ao wa picha, msiiguseguse, kwa sababu misuli iliyoingiwa na mafuta inang'aa kwenye skrini, sasa ukipandisha gaini kila mtu ataonekana ana mafuta.

Probu iwe ile bapa ya mawimbi ya juu, ya tumbo haifai hapa. Raha yake ni kwamba mgonjwa akisukuma kichwa nyuma kidogo unaiona misuli ikivimba palepale, hakuna mionzi, na unafanyia kitandani. MRI inabaki palepale lakini, utrasaundi haipenyi mfupa. Halafu majeruhi wa ajali, bodaboda wapo wengi, kama shingo haijathibitishwa kuwa imara msimvue kola ya shingo eti kwa ajili ya kipimo, nalisema hili kwa uzito wote.

Kinachoniuma ni kipimo cha kabla. Wengi wetu tunakutana na mgonjwa akiwa ameshashonwa, tunapima, tunaandika sentimita za mraba, tunalinganisha na nini? Fizio atajuaje kama mazoezi yanarudisha misuli au ilikuwa hivo tangu zamani, miaka ya maumivu na kola imeshaila? Naomba mwaka ujao kila mgonjwa wa kupangiwa upasuaji apimwe pande zote mbili kabla ya theta, na anayempima kabla ndo ampime baada. Fomu iko kwa katibu, ina sehemu ya mkao, pingili na gaini, tafadhali msiiache wazi hata moja.