Kiwanda kikongwe kisiwafukuze waliokizoea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie majengo ya viwanda vilivyofungwa ambayo siku hizi yanageuzwa kumbi za shughuli. Mtaani kwetu, kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilipogeuzwa hivyo, kuta zilipigwa lipu mpya, geti likawekewa mlinzi, na watoto waliozoea kucheza chandimu kwenye sakafu yake wakaambiwa wasionekane tena hapo. Sasa kinafunguliwa Jumamosi kwa ajili ya harusi. Siku nyingine ni kufuli.

Mfano ninaoutamani uko São Paulo, Brazili. Mwaka 1971 taasisi ya SESC, inayoendeshwa kwa michango ya waajiri wa sekta ya biashara, ilinunua kiwanda cha zamani cha mapipa katika mtaa wa Pompéia, ambacho baadaye kiligeuzwa kituo cha utamaduni na michezo. Msanifu majengo Lina Bo Bardi, kabla ya kuchora chochote, alikwenda kulitazama jengo, kisha akarudi siku ya Jumamosi, akakuta vijana wakipiga mpira kwenye madimbwi ya mvua iliyopenya paa bovu huku wakicheka, na kina mama wakichoma nyama mlangoni. Akaamua kwamba furaha ile haina budi kubaki palepale.

Hakubomoa mabanda. Aliondoa lipu ili matofali yaonekane, akatengeneza ndani kidimbwi kinachopinda kama mto, na kando yake akaweka meko ya kuota moto. Kwa kuwa nyuma ya kiwanda kulipita kijito kilichofunikwa, ambacho hakikuruhusiwa kujengewa juu, viwanja vya michezo vilipandishwa kwenye minara ya zege iliyounganishwa kwa madaraja ya juu, na juu ya kijito ikalazwa sakafu ndefu ya mbao ambako watu hujilaza kuota jua. Sehemu ya kwanza ya kituo ilifunguliwa mwaka 1982, na nilipofika huko nilimkuta mzee amesinzia pembeni mwa kidimbwi, gazeti limemwangukia magotini, wala hakuna aliyemwuliza amefuata nini.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wetu, kabla ya kumpa mkandarasi yeyote jengo jingine la aina hii, watume mtu akakae pale Jumamosi mbili tatu, aandike ni akina nani huingia na hufanya nini, na maandishi hayo yaambatanishwe na mkataba.

Msomaji wako,
Mwanza