Kilo zikirudi baada ya upasuaji, tunaanza na daftari

Wengi wanaotujia na tatizo hili huingia kichwa kimeinama. Walifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, wakapungua, wakasifiwa na kila mtu, na sasa mwaka wa tatu au wa nne nguo zimeanza kubana. Maneno ya kwanza huwa karibu yaleyale: "Nadhani tumbo langu limetanuka." Yanayofuata: "Naogopa kurudi kwa daktari aliyenipasua, atanigombeza."

Hiyo hofu tuitoe kwanza. Baada ya upasuaji, uzito hufika chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 18 hivi, wengine hadi miaka miwili, kisha hupanda kidogo. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi. Waliofanyiwa baipasi (tumbo hufanywa mfuko mdogo unaounganishwa moja kwa moja na utumbo) walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja au miwili. Miaka 10 baada ya upasuaji, pungufu hilo lilikuwa asilimia 25. Kwa hiyo kilo mbili tatu juu ya uzito wako wa chini kabisa si kushindwa. Kilo moja kila mwezi, mwezi hadi mwezi, hiyo usiifumbie macho.

Mwili nao una ubishi wake. Ukipungua, unatumia nishati kidogo kuliko zamani, hasa kama misuli iliondoka pamoja na mafuta. Na ile njaa iliyokuwa imelala mwaka wa kwanza huamka taratibu.

Sasa daftari. Tunamwomba mteja aandike kwa siku saba kila kinachopita mdomoni, saa ngapi, na alikuwa akifanya nini. Dada mmoja, miaka minne baada ya slivu (upasuaji wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo), alituletea kurasa zenye milo mitatu ya kupigiwa mfano: yai, samaki, mboga, sahani ndogo. Pembeni, kwa mwandiko mdogo kama wa mtu anayeomba radhi, alikuwa ameandika: kahawa ya maziwa na sukari saa nne, nyingine saa nane, juisi, "nilionja nikipika", biskuti mbili, halafu mbili tena. Siku zote saba hakuna hata mara moja aliyovimbiwa. Tumbo lake lilikuwa bado dogo, ila vitu laini na vya majimaji havikai humo. Vinateleza na kupita, na nafasi ya vingine inabaki. Hatukumwondolea mlo hata mmoja. Tulianza na vikombe.

Kitu kingine tunachokitafuta ni glasi ya maji mezani. Ushauri wa kawaida ni kuacha kama nusu saa baada ya kula ndipo unywe, maana anayeshushia kila tonge kwa maji humaliza sahani bila kuhisi ameshiba. Kisha protini: wengi huhitaji gramu 60 hadi 80 kwa siku, na iliwe kabla ya wanga. Mazoezi ya kunyanyua uzito, hata mwepesi, husaidia kulinda misuli.

Kuna mtindo unaosambaa mtandaoni wa kunywa vimiminika tu kwa siku tano, eti kulirudisha tumbo kwenye udogo wake. Sisi hatuufuati. Tumbo halinywei kwa supu, na kilo zinazoshuka siku hizo ni maji zaidi kuliko mafuta.

Wakati mwingine daftari ni safi na mizani bado inapanda. Hapo tunauliza kuhusu dawa (steroidi, insulini na baadhi ya dawa za sonona huongeza uzito), usingizi, tezi ya shingo, na pombe. Kuhusu pombe tunauliza bila kuzunguka, kwa sababu baada ya baipasi huingia damuni haraka zaidi, na wapo wanaojikuta wameitegemea bila kutarajia.

Na ndiyo, mara nyingine tatizo liko tumboni kweli: mfuko umepanuka, au mlango kati ya mfuko na utumbo umelegea. Hilo huonekana kwa endoskopia (kamera inayopitishwa mdomoni) au eksirei ya dawa ya kunywa, na ni kazi ya daktari. Yeye ndiye ataamua kama mlango ushonwe kwa kutumia kamera hiyo, kama slivu igeuzwe baipasi, au kama sindano za kupunguza hamu ya kula, semaglutaidi au liraglutaidi, zinakufaa. Upasuaji wa marudio una hatari zaidi kuliko wa kwanza, na sindano zikiachwa uzito huelekea kurudi, kwa hiyo muulize yote mawili. Ukitapika mfululizo, ukipata maumivu makali au kinyesi cheusi, usije kwetu, nenda hospitali.

Kwa miadi ya kwanza njoo na aina ya upasuaji uliofanyiwa, orodha ya dawa, uzito wako wa chini kabisa na tarehe yake, na majibu ya damu ya karibuni. Hata aliyeongezeka uzito anaweza kuwa amepungukiwa chuma, vitamini B12 au D. Vidonge vya virutubisho hivyo ni vya maisha, na tunakuta wengi waliviacha zamani. Na tafadhali usianze kujinyima wiki moja kabla. Daftari tunalolitaka ni la wiki ya kawaida, biskuti zikiwemo.