Friza la maabara mbele ya forodha ni friza tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu mhadhiri aliyeandika kwenye gazeti hili akilalamika kwamba watu wa forodha hawajui sayansi, eti kwa sababu mzigo wake wa maabara uligawanywa vipande vipande, hadubini zikaenda sura moja ya kitabu cha ushuru, sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi) sura nyingine, friza kwingine, na kila kimoja kikatozwa ushuru wake wakati yeye alitaka msamaha. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo, hao maafisa nawajua vizuri, wana mapungufu yao na mengine nitayasema hapa hapa, ila kwenye hili mwalimu amewaonea.

Amechanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni hiki kitu ni nini, la pili ni nani anakiingiza na anaenda kukifanyia nini. Namba ya HS, yani ile namba ya kuainisha bidhaa inayopewa kila mzigo forodhani, inajibu lile la kwanza, basi. Huu mfumo umeanza kutumika 1988, unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, na zile tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile kwa nchi zote zinazoutumia, kwa hiyo sio kwamba kuna afisa mmoja kaamka vibaya akajitungia. Na ukisoma sura zote hutakuta sura inayoitwa vifaa vya sayansi. Haipo! Watu wanadhani sura ya 90 ndio hiyo, lakini hata kichwa chake hakisemi hivyo, kinataja vifaa vya macho, vya picha, vya kupimia, vya tiba na kadhalika, na hata hivyo kanuni ya kwanza kabisa ya uainishaji inasema vichwa vya sura ni vya kurahisisha kutafuta tu, kinachobana kisheria ni maneno ya kila namba pamoja na maelezo yaliyowekwa mwanzoni mwa sura au sehemu.

Sasa chukua mzigo wa maabara ya kawaida uutandaze mezani. Nitataja tarakimu 4 za mwanzo tu, mbili za kwanza ndio sura: hadubini ya mwanga ni 9011, ile ya elektroni ni 9012. Spektromita na kromatografu ziko 9027 kwa sababu zinachambua sampuli ina nini ndani yake. Mizani, hapa ndio watu wanashangaa, ikiwa inahisi miligramu 50 au chini ya hapo inaingia 9016, ikiwa haifiki hapo inarudi 8423 kwenye mizani zingine zote. Sentrifuji imetajwa kwa jina lake 8421, ya maabara au ya kiwandani hawajali. Mashine ya maabara ya kuua vijidudu 8419, friza 8418 hata kama ndani yake umeweka sampuli za damu badala ya samaki, vyombo vya kioo vya maabara 7017. Yani mzigo mmoja, ankara moja, namba saba nane, na zote ni sahihi.

Kuna wajanja wanajaribu kusukuma kila kitu 9023 kwa kuwa inataja maonyesho na elimu. Msijaribu. Ile ni ya vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshea, visivyofaa kwa matumizi mengine. Hadubini inayofanya kazi haigeuki kuwa kifaa cha maonyesho kwa sababu imewekwa mbele ya wanafunzi.

Spea ndio zina vituko zaidi. Pampu ya vakyumu, yani ya kunyonya hewa, umeagiza kwa ajili ya spektromita, inakaa kwenye spektromita, saplaya ameiandika spea ya spektromita, na bado inaenda 8414 kwa sababu pampu ina namba yake na maelezo ya sura ya 90 yanasema sehemu yenye namba yake yenyewe ifuate namba hiyo. Ila mashine ikija nzima imefunguliwa kwenye maboksi mengi, pampu humo humo, kompyuta humo humo, na vyote kwa pamoja vinafanya kazi moja, hapo inaruhusiwa kuhesabiwa kitu kimoja. Kwa hiyo jinsi ulivyoagiza nayo ina uzito.

Huo msamaha anaoutaka mwalimu upo, lakini ni wa swali la pili. Mkataba wa Florence wa UNESCO wa 1950, na itifaki yake ya Nairobi ya 1976, unazitaka nchi zilizojiunga ziache kutoza ushuru wa forodha kwenye vifaa vya sayansi vya kufundishia na utafiti, kwa masharti: taasisi iwe imekubaliwa na serikali, na pia kifaa chenye thamani sawa kisayansi kisiwe kinatengenezwa humo humo nchini. Hilo sharti la mwisho limeshaleta kesi. Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kiliingiza hadubini ya elektroni kutoka Japani, Tume ya Ulaya ikasema hapana, hapa Ulaya inatengenezwa inayofanana, lipeni. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Ulaya na mwaka 1991 uamuzi wa Tume ukabatilishwa, maana wataalamu walioshauri hawakuwa na ujuzi wa fani zilizohusika na chuo hakikupewa nafasi ya kujieleza. Angalia vizuri, hakuna aliyebishana kuhusu namba ya ile hadubini. Ugomvi wote ulikuwa kwenye msamaha.

Na hapo ndipo lawama yangu kwa forodha ilipo. Afisa anafungua katalogi, anasoma jina la biashara kwenye ukurasa wa kwanza, haendi kwenye ukurasa unaosema mashine inafanya nini, na ukimuuliza sababu ya namba aliyoweka hakuandikii. Kama aliyeagiza hapewi sababu atajuaje pa kukata rufaa? Mkataba wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, wa kurahisisha biashara, umeanza kutumika Februari 2017, unataka forodha itoe uamuzi wa awali wa uainishaji kwa maandishi, ndani ya muda uliopangwa, kabla mzigo haujafika. Wangeutangaza huu utaratibu kama wanavyotangaza faini tungekuwa mbali.

Ila na maprofesa nao waache kuachia watu wa manunuzi waandike "vifaa vya maabara" kwenye ankara halafu wakanyamaza. Andikeni kinapima nini, kwa njia gani, kwa usahihi kiasi gani, na msinakili namba ya saplaya kichwa kichwa. Spektromita za masi zimepewa 9027.81 tangu toleo la HS la 2022, zamani zilikuwa 9027.80 na bado naletewa ankara zenye ile ya zamani. Toleo jipya linakuja Januari 2028 kwa hiyo zitahama zingine.

Mwalimu kama ana mzigo mwingine ambao haujapakiwa, aombe huo uamuzi wa awali sasa hivi, aambatanishe manyuali yenyewe sio kipeperushi, na barua ya msamaha aiandike kwa karatasi yake tofauti.

Wakala wa forodha, msomaji wenu