Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Aliyetuambia Tubebe Mabegi Tu

Leipzig, Jumanne, 15 Julai 2025

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zako zote, nikitumai barua hii itakukuta na afya njema, na bima inayofanya kazi.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule msichana wa Kisauni, Mombasa, uliyepiga naye picha siku ya kutuaga tuje Ujerumani kusomea uuguzi, mimi nimeshika ncha ya bendera ya Kenya, wewe ya Ujerumani. Siku ile niliuliza swali moja tu: "Mheshimiwa, sisi wenye sukari, dawa tutazipataje huko?" Ukacheka, ukanijibu mama yangu akisikia: "Binti, bima yenu imeshughulikiwa. Nyinyi bebeni mabegi tu." Ukumbi ukapiga makofi. Mama alipiga kuliko wote.

Mabegi tulibeba. Tangu Mei nimekuandikia barua pepe sita. Ya kwanza nilijibiwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Hizo tano nyingine nadhani nazo zinafanyiwa kazi.

Ningeendelea kunyamaza, ila Ijumaa iliyopita, saa nane za usiku, tulipiga 112 na gari la wagonjwa likaja kumchukua mwenzetu hapa bwenini. Tulikuja naye ndege moja. Ana kisukari cha aina ya kwanza kama mimi, na kumbe kwa wiki tatu alikuwa akijidunga nusu ya kipimo cha insulini ili chupa isimwishie. Tulimkuta anatapika, anahema kwa nguvu kama aliyekuwa akikimbia, pumzi inanuka matunda yaliyoiva mno. Mwenye sukari akiisikia harufu ile haulizi. Yu hai, alhamdulillahi. Bili haijafika bado.

Sasa nikueleze nilichokiona Alhamisi, siku moja tu kabla ya hayo. Niliwaomba watu wa bima nakala ya fomu yangu, wakaniletea kwa posta. Kuna swali kama mwombaji ana ugonjwa wa kudumu au anatumia dawa kila siku. Kwenye kisanduku, kwa kalamu ya bluu, pamewekwa alama ya "nein". Hapana! Mimi niliyeanza kujidunga sindano nikiwa darasa la sita! Nilieleza kila kitu kwenye fomu yenu ya Mombasa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na barua ya kliniki nikaambatisha. Hiyo ya Kijerumani ilijazwa ofisini. Sisi tulipangwa foleni, tukaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Sahihi ni yangu, sikatai.

Simtuhumu mtu. Labda karani hakukijua Kijerumani. Labda "ndiyo" ingechelewesha kundi na picha zilishapangiwa siku. Nasikia pia bima ile ilichaguliwa kwa bei, lakini hayo ni ya kusikia.

Najua pia kwamba hata ingejazwa "ndiyo", bima ya namna hii, ya mgeni anayesubiri masomo, kwa kawaida hailipii ugonjwa uliokuja nao. Kijerumani wanauita *Vorerkrankung*. Ndilo neno refu la kwanza nililojifunza nje ya darasa, kwenye barua iliyorudisha risiti zangu za Mei za daktari na kipimo cha damu. Lakini ningelijua nikiwa Kisauni, Mheshimiwa. Ningelijua nikiwa na kliniki yangu, na SHA yangu, bima ya afya ya umma ya Kenya, niliyolipia mwaka mzima kabla ya safari, ambayo haiwezi kunifuata dukani kwa mfamasia wa Leipzig.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii yenyewe haina ubaya na mgonjwa. Tarehe 1 Oktoba mkataba wangu wa mafunzo ya uuguzi ukianza, nitaingia Krankenkasse, mfuko wa bima wa umma, kwa lazima ya sheria. Mfuko huo haumkatai mtu kwa sababu ya ugonjwa. Mchango ni asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza kidogo, mwajiri analipa nusu, na kwa dawa ya daktari mgonjwa huchangia kati ya euro 5 na 10. Shimo liko katikati, hii miezi sita ya kusomea Kijerumani cha ngazi ya B2. Na B2 hufundishwa Mombasa. Hufundishwa Nairobi. Kwa nini mwenye sukari aletwe Aprili akae kwenye shimo, wakati angeweza kusoma nyumbani akapanda ndege Septemba? Au idadi ya kundi isingependeza? Mkataba wa ajira wa Kenya na Ujerumani ulipotiwa saini Berlin, Septemba 2024, zilivuma nafasi za kazi 250,000, hadi Wajerumani wenyewe wakakanusha. Huenda tungali tunaitafuta ile namba.

Kisauni stima ikipotea, bibi huweka insulini yangu kwenye mfuko, akaining'iniza ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo. Haikuharibika hata chupa moja. Hapa nina friji chumbani, inanguruma usiku kucha, ndani mna siagi. Nilikuja na chupa nne. Juni mama alinitumia mbili kwa msafiri, moja akaitia kwenye begi la chini la ndege. Ikaganda. Mabonge yamenata kwenye kioo, hata uiviringishe vipi hayaondoki. Mama hajui. Nimemwambia zimefika salama.

Naomba ofisi yako igharamie daktari na insulini, yangu na ya mwenzangu, hadi tarehe 1 Oktoba. Kama hilo ni zito, naomba barua kwa watu wa bima ieleze nani aliweka ile alama, mwenzangu asije akaitwa mwongo kitandani. Kama nalo ni zito, basi kundi la Agosti, Mheshimiwa. Wasomeeni ile fomu. Kwa Kiswahili, swali kwa swali, kabla ya kusaini, na mwenye maradhi kama yetu abaki nyumbani amalize B2 yake. Wasomeeni tu fomu.

Kwangu mimi, chupa iliyobaki niliifungua Jumapili. Ina uniti 1,000, nami hutumia 40 kwa siku. Ofisi yako ina wahasibu.

Wako mtiifu,
Binti wa Kisauni, yule wa kwenye picha