Barua ya Wazi kwa Wazazi Vijana wa Kikundi Chetu: Kuku wa Jioni Hupikwa Jumamosi

Wanangu na wajukuu zangu wa kikundi cha kuweka na kukopa,

Ugonile kwa mliotoka Rungwe na Kyela, kamwene kwa mlioletwa Mbeya na ndoa kutoka Iringa, na marahaba kwa shikamoo zenu zote ambazo sikuwahi kuziitikia mmoja mmoja siku ile ya kikao.

Jumapili iliyopita, hisa zilipokwisha kuhesabiwa na sanduku kufungwa, niliwasikia mkizungumza mlangoni. Mmoja wenu alieleza kwamba anatoka kazini Iyunga saa kumi na moja na nusu, anagombania daladala hadi Uyole, na anapofika nyumbani watoto wameanza kusinzia juu ya madaftari, kwa hiyo siku tatu kwa wiki hupitia kibandani na kununua chipsi kuku. Wengine mlicheka kwa namna ya watu wanaojiona katika hadithi ya mwenzao. Sikusema neno kwa sababu mvua ilikuwa inashuka kutoka Loleza, na mzee akianza kusema mlangoni watu hulowa. Ndiyo maana nimeandika.

Sina ugomvi na mkaanga chipsi; naye ana watoto wa kuwalisha. Nilichotaka kuwaambia ni kwamba mnachoka kwa sababu mnaanza kazi ya kuku saa ambayo ilipaswa kuwa ya kuimalizia. Kuku ana kazi mbili. Ya kwanza ni ya mikono: kumsafisha, kumkatakata, kumtia viungo na kumchemsha, nayo inakula saa nzima na zaidi. Ya pili ni ya moto wa mwisho, ambayo haizidi nusu saa. Mimi nilipika jikoni kwa shule ya bweni miaka 27, na katika miaka hiyo yote hatukuwahi kufanya kazi ya kwanza na ya pili jioni ileile moja, isipokuwa tulipokuwa tumezembea.

Kwanza mjue kuku mnayemnunua. Kuku wa kisasa wa nyama huchinjwa akiwa na wiki nne hadi sita tu, kwa hiyo nyama yake haijakomaa, na vipande vyake huiva kwa dakika 30 hadi 40 tangu mchuzi uanze kuchemka. Kuku wa kienyeji ametembea miezi mingi akichakura, na misuli yake ina nyuzi ngumu ambazo hulainika kwa moto mdogo wa muda mrefu. Mpeni saa moja na nusu, na akiwa jogoo mzee mpeni mbili. Chotara, mchanganyiko wa hao wawili, yuko katikati. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kumnunua wa kienyeji siku ya kazi, kumpandisha jikoni saa moja usiku, kisha kumlaumu kuku.

Tena kuna jambo la nchi yetu hii ya juu ambalo mapishi ya pwani hayalisemi. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika urefu huo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi, siyo 100 kama Dar es Salaam. Maji yanaruka kwenye sufuria, lakini joto lake ni pungufu, na kuongeza moto hakuyafanyi yawe na joto zaidi, yanakauka tu. Mkwe wangu aliyetoka Tanga alilia na maharage mwaka mzima kabla hajaliamini hilo. Kwa hiyo mkiambiwa dakika 30 na mtu wa pwani, ninyi hesabuni 40, na mliopo Njombe na Makete mwongeze tena. Mwenye sufuria ya presha amepona, kwa kuwa humo ndani joto hupanda kupita nyuzi 100, na kuku wa kienyeji huiva kwa dakika 35 au 40.

Sasa Jumamosi yenyewe. Nunueni kuku wawili sokoni, Mwanjelwa au Soweto, wa kisasa kama mfuko ni mwembamba. Mkifika nyumbani, kabla hamjamgusa kuku, kateni vitu vyote vitakavyoliwa vibichi, kachumbari na matunda ya watoto, mviweke mbali. Kuku mbichi hubeba vijidudu vinavyoendesha matumbo, na ubao uliomkatia kuku ukikatiwa nyanya bila kuoshwa kwa sabuni, ugonjwa umeshahamia kwenye sahani. Najua nyumba zetu haziwezi kumpika kuku asiyeoshwa, na kweli wa sokoni huja na mabaki ya manyoya na mapafu yaliyoganda mgongoni. Basi muondoe hayo taratibu ndani ya beseni lenye maji kidogo, msimweke chini ya bomba linalofoka, kwa kuwa matone yanayoruka ndiyo yanayosambaza vijidudu hadi kwenye vikombe.

Kumkata kuku watu wengi mnapigana naye. Nimeona mtu akishindilia kisu kwa jiwe la kusagia hadi mifupa ikavunjika vipande, na jioni mtoto akakabwa na kibanzi. Shikeni paja, livuteni nje mpaka ngozi ikazike, pasueni ngozi hiyo, kisha lipindeni kuelekea mgongoni. Mtasikia kifundo kikitoka mahali pake kwa mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti kibichi. Kisu kipite hapo, katikati ya vifundo viwili vyeupe, na hakitakutana na mfupa wowote. Bawa ni hivyohivyo. Kidari hutengwa na mgongo kwa kufuata mstari wa mbavu. Dakika tano zinatosha, ilimradi kisu kiwe kimenolewa. Tako la kikombe cha udongo, ule ukingo usio na rangi, hunoa vizuri kama huna kinoo.

Kuku mmoja mkateni vipande, mviweke kwenye mifuko miwili, katika kila mmoja chumvi kijiko kidogo, kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi na mafuta kijiko kimoja, kisha muilaze bapa kwenye friza. Limau msitie siku hiyo. Likikaa na nyama siku nyingi huifanya iwe ya unga kinywani. Litieni jioni ya kupika. Mfuko uliolazwa bapa, ukihamishiwa friji usiku wa kuamkia siku ya kupika, unakuwa umeyeyuka mnaporudi kazini. Msiuache juu ya meza kutwa nzima, kwa maana nje huwa umeshapata joto wakati katikati bado ni barafu.

Kuku wa pili mchemsheni mzima au nusunusu pamoja na kitunguu, tangawizi na chumvi. Kama ni wa kisasa, toboeni paja karibu na mfupa. Maji yakitoka meupe bila damu, ameiva, na mwenye kipimajoto cha jikoni aone nyuzi 74 hapo. Msishtuke mkiona mfupa wa kuku wa kisasa umekuwa mweusi au mwekundu hata baada ya kuiva. Mifupa yake ni michanga na uboho hupenya, hasa kama alikuwa amegandishwa. Chambueni minofu ikipoa kidogo, na mifupa irudini kwenye supu ichemke nusu saa nyingine. Supu hiyo ndiyo mali. Mtu mwenye supu kwenye friji hahitaji viungo vya paketi.

Hapa niwaambie aibu yangu. Kulikuwa na harusi, nikakabidhiwa kuku 20 wa kuchemsha usiku kwa ajili ya kesho. Nikawachemsha vizuri, nikafunika lile sufuria kubwa likiwa linafuka, nikaenda kulala nikitegemea baridi ya Juni, maana asubuhi hiyo nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Alfajiri nilipofunua, mapovu madogomadogo yalikuwa yanapanda kando na harufu ilikuwa ya uchachu. Baridi ilikuwa nje; katikati ya sufuria lile kulikuwa vuguvugu usiku kucha. Tulimwaga kila kitu, na kaka wa bwana harusi hajanisalimia kwa furaha hadi leo. Tangu hapo chakula kikiwa kingi nakigawa kwenye vyombo vifupi na vipana, nakiweka kwenye beseni la maji baridi, na ndani ya saa mbili kinakuwa kimeingia kwenye friji. Humo kuku aliyepikwa akae siku tatu, au nne kwa ukomo. Kinachobaki kwa mwisho wa wiki kiende friza tangu Jumamosi hiyohiyo.

Mkifanya hayo, jioni zenu zinakuwa fupi. Jumatatu, wali wa sufuria moja. Kaangeni kitunguu hadi kiwe kahawia kweli, kwa sababu rangi ya wali inatoka hapo, tieni karoti na nyanya mbili, kisha kwa kila kikombe cha mchele wa Kyela mimineni vikombe viwili vya supu inayochemka. Maji yakikaribia kukauka, tandazeni minofu juu, funikeni, na wenye jiko la mkaa wapalie juu ya mfuniko. Dakika 25 mnakula. Jumatano mfuko wa kwanza: vipande vikaangwe kidogo, nyanya zikaangwe hadi mafuta yajitenge, na viazi mviringo viingie baada ya dakika 15, siyo mwanzo, la sivyo mtakula uji wa viazi. Wenye kupenda ndizi za Rungwe waziweke mahali pa viazi.

Ijumaa ndiyo ninayoipenda: kuku wa karanga. Minofu na supu vikombe viwili, vyote vilivyotoka friza, na vijiko vinne vya chakula vya karanga zilizosagwa. Zikorogeni karanga kwanza kwenye bakuli kwa supu ya vuguvugu hadi ziwe laini kama mtindi, ndipo mzimimine. Zikiingia kavu zinafanya madonge. Moto uwe mdogo na mwiko usitoke mkononi, maana karanga hushika chini mara moja, na harufu ya kuungua haifichiki. Mkiona mafuta mekundu yanaelea juu, epueni. Karanga zenye ukungu au uchungu mzitupe, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondolewi na moto wa jikoni.

Nanyi msio na friji, msidhani barua hii haiwahusu. Nunueni nusu kuku au mapaja manne, mpike mchana wa Jumamosi na mmalize usiku huo. Kwa kuku wa kienyeji tumieni kikapu: mchemsheni dakika 40 mfululizo, sufuria iingie ikiwa bado inachemka ndani ya kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu, mfunike juu kwa mto, na baada ya saa mbili mrudishe motoni ichemke tena kabla ya kula. Mkaa mtakaookoa mtauona.

Kwenu wanaume, kwa adabu lakini bila kuzunguka. Katika kikao mlikaa kimya wakati wake zenu wanazungumzia daladala na sufuria, kama kwamba habari ilikuwa ya nchi nyingine. Tulilelewa kwamba firigisi ni ya baba, nami sina haja ya kuibadilisha mila hiyo uzeeni. Ila baba anayekula firigisi aifungue mwenyewe Jumamosi, aitoe mchanga, amenye ile ngozi ya njano, na akishamaliza ashike kisu amkate kuku aliyebaki. Watoto wa miaka saba wanaweza kumenya vitunguu saumu na kuchambua mchele. Wangu walifanya hivyo na hawakupungukiwa chochote shuleni.

Jumamosi ijayo nitakuwa nyumbani kuanzia saa nne asubuhi, na nitakuwa na kuku wawili. Anayetaka kuona kifundo kinavyoachia aje na kisu chake mwenyewe, hata kama ni butu, tutakinoa. Wenye zamu ya kuleta sukari ya chai wasisahau kama mara iliyopita.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Bibi yenu,
Mbeya